Kamba ya Bariera na Mshahara wa Askari

Watu wakijua natoka Goma, mashariki ya Kongo, huniuliza jeshi gani lilikuwa bora. Wamesikia habari za jeshi la serikali, za waasi wa M23, za Umoja wa Mataifa, za Watanzania, Wakenya, Waafrika Kusini na Wazalendo, wale wanamgambo wa kwetu wa upande wa serikali, basi wanataka niwapangie kama timu za mpira. Mimi sijawahi kushika bunduki. Nilikuwa nanunua maharage Kiwanja na kuyauza Goma, soko la Virunga. Kazi hiyo ilinifundisha kuyatazama majeshi kwa upande ambao wachambuzi wa redio huupita mbio: yanakula nini, na nani anayalipa.

Toka Goma hadi Kiwanja ni kilomita sabini na kitu. Unapita Kibati, Kibumba, Rugari, Rumangabo, unafika Rutshuru, halafu Kiwanja. Lori zima lisiposimama, saa tatu zinatosha hata kwa barabara ile. Tatizo ni kwamba lazima lisimame, na linaposimamishwa ndipo penye somo langu lote.

Bariera ya kwetu haina mambo makubwa. Miti miwili, kamba katikati, na mara nyingine mwanzi badala ya kamba. Chini ya turubai kuna mtu mwenye daftari. Mwenye bunduki hakai karibu na pesa, husimama mbali kidogo kana kwamba hayamhusu. Kamba yenyewe hushikwa na kijana wa palepale kijijini ambaye hana sare wala silaha, na ukipita mara nyingi mnajuana hadi anakuuliza hali ya watoto. Kila mpitaji ana bei yake: wa miguu, wa chukudu (baiskeli yetu ya mbao ya mizigo), wa pikipiki, wa lori. Siku ya soko bei hupanda. Dereva huzungumzia gari, sisi wenye mali tunazungumzia magunia. Tulijifunza kubeba noti ndogo za franka 500 na kuzitawanya kwenye nguo, kumwacha mama mzee kuliko wote aongee, na kutobishana kabla ya shefu, mkubwa wa bariera, kunywa chai. Wale waliotoka Kinshasa wakiomba madesu ya bana, yaani maharage ya watoto, jina la rushwa kwa Kilingala, sisi tulikuwa nayo kweli, magunia kwa magunia.

Sitaji bariera ipi ilikuwa ya nani, maana wengine bado wako palepale. Nitasema hili tu: kuna sehemu moja niliyoipita kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo ilibadilisha wenyewe mara kadhaa. Sare zilibadilika, bendera ikabadilika, lugha ya kutukania ikabadilika. Kijana wa kamba alikuwa yuleyule, alioa akiwa pale. Mwaka 2017 watafiti walizihesabu bariera za Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, wakapata karibu 800. Nyingi ni za jeshi la serikali lenyewe, nyingine za makundi, nyingine za watu wa ofisi za kiraia waliojishikiza hapohapo. Wenzetu wa Masisi walikuwa na mzigo mwingine juu ya huo. Huko kila nyumba ililipa pesa ya mwezi iliyoitwa lala salama, na asiyelipa hakujua usiku wake utakwishaje.

Kila noti niliyoiacha njiani niliirudisha kwenye bei ya maharage. Kwa hiyo vita vya Rutshuru vililipwa pia na mama wa Goma aliyekuja na bakuli kununua kilo moja, hata kama hakuwahi kusikia mlio wa risasi.

Jambo la pili nililifahamu kwa sababu ya wateja. Wake wa askari, hasa wa kambi ya Katindo pale mjini, walikuwa wateja wangu wa mkopo. Waliishi kwenye vibanda na mahema, watoto wengi, mume yuko mstari wa mbele miezi kwa miezi. Walichukua kilo tatu, kilo tano, jina likaandikwa kwenye daftari, na malipo ni pale mshahara utakapotoka. Nilipoona madeni yanarundikana na kila mama anasema "bado haujatoka, yaya, vumilia" (yaya kwetu ni dada mkubwa), nilijua mwezi unaofuata barabara itakuwa mbaya. Mke wa sajini mmoja, jirani yangu, alinieleza bila kuzungukazunguka: mume asipopokea pesa, hakuna kamanda anayeweza kumzuia asitafute.

Zamani pesa ilitoka Kinshasa taslimu na kushushwa kwa makamanda. Kila ngazi ilikata chake. Zaidi ya hapo, kamanda alikuwa na faida ya kuwa na askari wengi kwenye karatasi kuliko kikosini, kwa sababu mshahara wa aliyekufa au aliyetoroka hauna anayeudai. Siku ya vita anapigiwa hesabu ya watu ambao hawapo. Kuanzia mwaka 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulisaidia kutenganisha njia ya mshahara na njia ya amri: askari wakahesabiwa, wakapewa vitambulisho, na baadaye wengi wakaanza kulipwa benki. Habari hiyo haikutangazwa kwa shangwe, lakini mimi niliiona kwenye daftari langu. Madeni yalianza kulipwa kwa tarehe. Tena akina mama wale wakaanza kununua wao wenyewe kwa pesa mkononi, na mmoja akafungua biashara ya mandazi.

Haikuwa dawa kamili. Benki iko mjini na askari yuko Masisi juu mlimani. Pesa za chakula na marupurupu bado zilipita mikononi mwa wakubwa. Na kulikuwa na askari ambao utii wao haukufuata mshahara wa Kinshasa hata kidogo.

Hao ndio waliokuja kutuangusha mwaka 2012. Wapiganaji wa CNDP, kundi la waasi la Laurent Nkunda, waliingizwa jeshini mwaka 2009, na mapatano yakatiwa saini tarehe 23 Machi mwaka huo. Sisi wa barabarani tulishangaa jinsi walivyoingizwa: watu walewale, chini ya makamanda walewale, kwenye milima ileile, wakiwa na beji mpya begani. Hawakutawanywa nchini kama askari wengine. Walibaki na njia zao za mapato, hivyo mwenye kuwapa ugali alikuwa kamanda wao, serikali iliwapa cheo tu. Mwaka 2012 ilipotaka kuwahamisha, wakaasi Aprili, wakajiita M23 kwa kukumbuka tarehe ile ya mapatano.

Goma ilianguka tarehe 20 Novemba 2012. Kofia za bluu za MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, zilikuwepo mjini na vifaru vyao, na waasi wakapita. Jeshi la serikali likarudi nyuma kupitia Sake hadi Minova, likiwa limechanganyikiwa, lina njaa, limekasirika. Yaliyotokea Minova mimi niliyasikia kwa wafanyabiashara waliovuka ziwa kuja soko la Kituku, na walichonisimulia sitakiandika. Umoja wa Mataifa ulithibitisha kwamba zaidi ya wanawake na wasichana 100 walibakwa. Hukumu ikaja mwaka 2014, wanajeshi 39 mbele ya mahakama ya kijeshi, na waliopatikana na hatia ya ubakaji walikuwa wachache mno. Tangu hapo mtu akiniambia "jeshi limerudi nyuma kwa mpangilio," nauliza limerudi kwa nani.

Mwaka 2013 husimuliwa sana Dar es Salaam, na haki yao. Tarehe 28 Machi Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098 na kuunda brigedi ya watu 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, yenye ruhusa ya kushambulia, jambo ambalo walinzi wa amani hawakuwa wamelizoea. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Goma iliwapokea kwa mashaka kwanza, kisha kwa moyo. Walikuja sokoni wakinunua kwa Kiswahili. Askari mmoja kijana aliniamkia "shikamoo mama," na binti yangu akacheka hadi akainama, maana sisi hatuna salamu hiyo na hakujua inajibiwaje. Agosti makombora yalipoanguka mjini, walikufa raia wa Goma, na Meja wa Kitanzania akafa pia.

Lakini ninapowasikia watu wakisema brigedi ndiyo iliyoishinda M23, nakubali nusu. Mizinga yao ilifanya kazi kubwa, na helikopta pia. Nusu ya pili ilikuwa upande wa jeshi letu wenyewe. Mwaka ule maofisa wengi waliitwa Kinshasa na hawakurudishwa. Kanali Mamadou Ndala alilala na watu wake kule Kibati na kula walichokula. Chakula kilifika. Akina mama wa Goma walipanda huko na maji na mikate kwa hiari yao, bila kamba ya kuwalazimisha. Na daftari langu la mkopo lilikuwa jeupe kuliko mwaka wowote. Tarehe 5 Novemba 2013 M23 ikatangaza kuweka silaha chini, na kwa muda nikapita Kibumba lori likiwa halijasimamishwa na mtu. Sikuwa nimezoea. Dereva mwenyewe alipunguza mwendo pale penye miti kwa mazoea, akasubiri, hakutoka mtu.

Mamadou aliuawa tarehe 2 Januari 2014 karibu na Beni, na mahakama ya kijeshi ikamtia hatiani afisa wa jeshi lilelile. Mji ulilia kwa siku nyingi. Baada ya hapo mambo yakaanza kurudi taratibu, si kwa kishindo. Kwanza mtu mmoja akaomba sigara pale Rugari. Kisha wawili. Kisha kamba. Brigedi ya kimataifa ilikuwa imepelekwa pia Beni kupambana na ADF, waasi wenye asili ya Uganda, na tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki ilivamiwa, wakafa Watanzania 15. Nilizisikia habari hizo kwenye redio nikiwa nimekaa juu ya magunia, tumesimamishwa.

Tarehe 6 Mei 2021 Rais aliweka hali ya dharura ya kijeshi katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Gavana akawa jenerali, bunge la mkoa likasimamishwa, kesi za jinai za raia zikapelekwa mahakama za kijeshi. Nilikuwa miongoni mwa walioshangilia, nusu ya soko ilishangilia. Tulichoka na wanasiasa. Hatukufikiria kwamba tulikuwa tunampa mwenye bunduki kazi ya hakimu na ya mbunge juu ya kazi yake ambayo tayari ilimlemea. Mwizi wa gunia sasa alikuwa kesi ya kijeshi, na mashauri yalirundikana hadi mlalamikaji anachoka kabla ya mshtakiwa. Ukitaka kuuliza pesa za barabara zinakwenda wapi, aliyekuwa wa kuulizwa amevaa sare na huyo haulizwi. Novemba mwaka huohuo M23 ikaibuka tena kule milimani kwenye mpaka wa Uganda. Tarehe 13 Juni 2022 ilishika Bunagana. Kukawa na jenerali ofisini Goma na adui barabarani, vyote kwa wakati mmoja.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka, kwa kuwa ilikuwa ni wageni kuingia na kutoka. Julai 2022 watu waliivamia MONUSCO kwa hasira, na zaidi ya 30 wakafa, wakiwemo walinzi wa amani. Novemba wakaja Wakenya chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakifuatwa na Warundi, Waganda na Wasudani Kusini. Mji ulitaka wapigane, wao walikuwa wamekuja kusimama katikati, na hakuna aliyetueleza tofauti hiyo kwa lugha tunayoielewa ingawa lugha ilikuwa moja. Desemba 2023 wakaondoka. Mwezi huohuo SADC ikaanza kuleta wake: Afrika Kusini, Tanzania na Malawi tena. Katikati ya hayo, tarehe 30 Agosti 2023, waumini waliokusanyika Goma kuandamana kuwapinga wageni walipigwa risasi na askari wa nchi yao, watu zaidi ya 50 wakafa, na Oktoba kanali mmoja akahukumiwa kifo.

Kilichoniogopesha zaidi kuliko hayo yote ni Wazalendo. Siwadharau, wengi ni vijana waliofukuzwa kwenye vijiji vyao, na walipigana mahali ambapo wenye mishahara walikimbia. Ila walipewa bunduki bila mshahara wa kueleweka, tena karibu kabisa na mji na kambi za wakimbizi wa ndani. Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, mamia ya maelfu ya watu chini ya turubai, na kando yao vijana wenye silaha na njaa. Kamba zilisogea kutoka Rugari hadi mlangoni kwetu. Mwaka 2024 Goma tulifunga milango kabla ya jua kuzama.

Na wakati huohuo walikuwepo wazungu wa Romania, askari wa kukodiwa. Mji mzima ulijua kwamba wao walilipwa dola elfu kadhaa kwa mwezi, wakati askari wetu alipata kama dola 100 zikifika zote. Mke wa sajini aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Yaya, wewe ungekuwa mume wangu, ungefia kilima hiki, wakati yule pale analipwa mara hamsini?" Januari 2025 M23, ikisaidiwa na jeshi la Rwanda, ilipoingia Goma usiku wa kuamkia tarehe 27, Waromania karibu 300 walijisalimisha, wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na kupelekwa kwao. Gavana, Jenerali Peter Cirimwami, alikuwa ameuawa mstari wa mbele siku chache kabla. Waafrika Kusini 14 walikufa, na Wamalawi na Watanzania pia. Machi SADC ikafuta ujumbe wake, na askari wake wakasafirishwa kupitia Rwanda hadi Chato. Serikali ya Kinshasa, baada ya Goma na Bukavu kuanguka, ilitangaza kuongeza mishahara ya wanajeshi na polisi maradufu. Nilisoma tangazo hilo kwenye simu nikiwa foleni ya maji. Jirani yangu wa Katindo alikuwa ameshaondoka, na deni lake bado liko kwenye daftari. Silidai.

Benki zote Goma zilifungwa, na akiba yangu ikabaki ndani. Biashara ikaenda kwa pesa za simu na noti zilizochakaa hadi hazishikiki. Niliondoka kwa njia ya Bunagana, iliyokuwa mikononi mwa M23, kwenda Kampala, na barabara hiyo lazima niieleze kwa haki, kwa sababu watu wa pande zote hawapendi nieleze. Kamba zilikuwa chache. Palikuwa na meza, karani, risiti yenye muhuri. Abiria mwenzangu alisema, "Angalau." Nilimwelewa, hata mimi nilipumua. Halafu nikatazama jinsi basi zima lilivyokuwa kimya, watu wanaopima kila neno kabla ya kulitamka, na nikakumbuka kwamba risiti hiyo hakuna wa kuikagua. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa kwenye madini ya coltan ya Rubaya, kule Masisi, pekee M23 ilikuwa ikikusanya dola zipatazo 800,000 kwa mwezi. Kundi lenye mapato ya aina hiyo linaweza kuwalipa watu wake na kuondoa kamba za njaa. Hilo linaeleza nidhamu yao, halinielezi ni nani aliyewapa haki ya kututoza.

Sasa niko Makindye. Nauza vitenge mlango kwa mlango kama Wakongo wengi hapa. Tarehe 27 Juni 2025 Kongo na Rwanda walitia saini mkataba Washington, na Julai serikali na M23 wakatia saini tamko la kanuni kule Doha. Baada ya hapo kanisani kwetu alikuja mwezeshaji wa semina ya amani, akatugawia karatasi akina mama tuandike tunachotaka kiingizwe kwenye mazungumzo. Wenzangu waliandika haki, kurudi nyumbani, watoto waliopotea, na yote ni kweli. Mimi niliandika Rumangabo, pale kwenye barabara yangu ya maharage. Nikauliza siku ya amani atakayesimama pale ni nani, mshahara wake utatoka akaunti ipi, utafikaje mkononi mwake bila kupita kwa kamanda wake, askari walioingizwa jeshini watatawanywa au watabaki na milima yao kama mwaka 2009, na raia akitozwa njiani atamshtaki wapi mbele ya hakimu asiye na sare.

Mwezeshaji alisoma, akaniambia kwa upole kwamba hayo si mambo ya amani hasa, hayo ni ya wizara ya fedha. Nikamwomba ayapeleke hukohuko Doha, na kama wizara ya fedha haikualikwa, ialikwe.